Maktaba Iliyobadili Jina

Nilipofika kwao Kisarawe nilimkuta Raudha amekishika kipanya kama mtu aliyekamata mwizi wa kuku. Hakunikaribisha.

"Kivinjari cha intaneti hakifunguki, Godi. Nabofya, kinazunguka kidogo, halafu kimya. Na saa nane wananisaili."

Waliomwita ni kampuni moja ya mizigo ya Dodoma, nafasi ya karani wa ghala. Tangu tumalize kidato cha sita, hao ndio watu wa kwanza kumjibu. Masharti yao yalikuwa wazi: utumie kompyuta, simu hawaitaki, maana kuna kipande cha mtihani unachofanya huku wanakutazama, na lazima uwe na kivinjari kipya walichokitaja. Kile cha zamani ukurasa wao ulikuwa unakitimua mlangoni. Raudha akapakua kipya, akakifungua kutoka kwenye furushi lake, na hapo ndipo habari ilipoishia.

Laptop yenyewe ilikuwa ya urithi, imepita mikono ya watu. Mfumo wa Linux nilimwekea mimi, toleo jepesi kuliko yote, kwa sababu mfumo wa kwanza ulikuwa ukiwashwa asubuhi unaamka adhuhuri.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia mama yake, aliyekuwa anatwanga kisamvu uani.

"Marahaba, Godbless. Huko kwenu Kongowe hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Mtazamie huyo. Tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni."

Nikakaa, nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri.

"Umeanza mbwembwe," Raudha akasema.

"Tulia, karani. Ukibofya picha, kinakufa bila kuaga. Ukikiamsha kutoka hapa, kinakwambia kinaumwa wapi."

Kweli, kikasema. Mstari mmoja tu: kimeshindwa kupakia maktaba za pamoja, faili fulani halipo.

"Maktaba?" akauliza. "Kwani nataka kusoma?"

"Si ya vitabu. Mtaani kwenu pilau la shughuli mnapikia sufuria la nani?"

"La mtaa. Linakaa kwa Bi Mwinyimadi."

"Basi ndiyo hiyo. Kila nyumba haina haja ya sufuria la watu mia. Lipo moja, mwenye shughuli anaazima. Programu nazo haziji na kila kitu, vingine zinavikuta kwenye mfumo. Hiki kivinjari chako kimekuja na mchele na nyama, kinauliza sufuria liko wapi."

"Na kwenye laptop yangu sufuria halipo kwa sababu gani?"

Nikajifanya naangalia chaji.

"Kwa sababu fundi aliniwekea toleo jepesi," akajijibu mwenyewe.

Nikaunga intaneti ya simu yangu, nikaagiza lile lililokosekana. Likaja. Nikakiamsha kivinjari, kikalalamikia lingine. Nikaleta hilo, kikataja la tatu. Raudha akatazama saa ya ukutani.

"Hiki kinaomba kimoja kimoja kama mgeni asiyejua kuaga."

Alikuwa na haki. Ipo amri inayomlazimisha mgeni ataje shida zake zote kwa mpigo, ldd, nami nilikuwa nimeiruka kwa kutaka kuonekana mwepesi. Nikaiandika. Ikashusha majina marefu, karibu yote yakiwa na anwani mbele yake. Machache yaliandikwa kwamba hayajapatikana. Nikayaagiza yote, yakaingia, likabaki moja: libasound.so.2, la sauti.

Hilo likanigomea. Nikaliita libasound, mfumo ukasema haulijui. Nikaliita libasound2, ukanijibu kwamba hilo halina mgombea.

"Mgombea?" Raudha akasema. "Kuna uchaguzi humo?"

"Ndivyo mfumo unavyoandika. Maana yake hakuna cha kusakinisha."

"Sasa?"

Nikaandika tena jina lilelile, safari hii kwa kubonyeza kwa nguvu zaidi, kama vile kompyuta ilikuwa haijanisikia vizuri. Jibu lilelile. Nikatania kwamba anaweza kuwajibu kwa ishara za mikono. Hakucheka. Alikuwa ameshavaa ushungi wake wa heshima, ule wa kijivu, na vidole vyake vilikuwa vinaukunja na kuukunjua upindo. Utani wangu ukanikaa mdomoni, sina pa kuutemea.

"Godi," akasema taratibu. "Leo ulipofika stendi, uliwaulizaje bodaboda?"

"Niliuliza kwa Biubwa Pazi, jina la mama yako."

"Wakasemaje?"

"Hawamjui. Nimezungushwa mpaka msikitini."

"Kwa sababu hilo ni la kitambulisho. Ungesema Mama Yassin ungeletwa mpaka mlangoni. Mtu ni huyohuyo." Akasogeza kiti. "Labda na hilo unaliita jina ambalo siku hizi halitumiki. Hebu panda juu. Wewe unasoma mstari wa mwisho tu."

Nikapanda juu. Palikuwa pameandikwa, tena kwa uungwana, kwamba libasound2 sasa ni jina tu, na anayeitikia kwa jina hilo anaitwa libasound2t64. Mara zote mbili nilikuwa nimetajiwa, nami nimekimbilia neno la kunikataa.

"T sitini na nne," nikasema. "Kama namba ya jezi."

"Andika."

Nikaandika. Likashuka. Nikakiamsha kivinjari, kikafunguka cheupe, kipana, kama hakikuwahi kutusumbua. Tukajaribu spika, tukajaribu maikrofoni. Raudha akasema "moja, mbili" kwa sauti ya mtu aliyekuwa karibu kulia na ameamua kuahirisha.

"Sasa toka nje. Nikiuona uso wako nitacheka mbele za watu."

Nikatoka nikakaa barazani. Mama Yassin akaacha kutwanga mara tu alipoona mlango umefungwa. Akaleta ungo wa mchele, akawa anachambua bila kuupepeta, kokoto anazishika kwa ncha za vidole na kuziweka chini zisigonge. Kupitia dirishani tukasikia sauti ya mwanamume inauliza kama inasikika, na Raudha akajibu, "Nawasikia vizuri, karibuni."

"Ndio hao?" mama akanong'ona.

"Ndio hao."

"Dodoma mbali."

"Siku hizi kuna treni, mama. Unapita hapo stesheni ya Soga, hujamaliza kutafuna karanga, umefika."

"Karibu kwa anayekwenda." Akachambua kidogo. "Ile mashine ilipokataa nilikuwa natwanga nasema moyoni, basi ikatae. Atabaki. Tutauza maandazi, tutaishi. Usimwambie."

Njiani nikija, kwenye kona moja, na mimi niliwaza hilohilo, kwamba abaki, halafu nikajifanya nimewaza kitu kingine. Nikachukua mchele kiganjani nikamsaidia kuchambua.

Ndani Raudha alikuwa anaeleza namna atakavyopanga mzigo unaoingia na unaotoka. Hapo ndipo ikaja baiskeli ya muuza dagaa, spika imefungwa mbele, inarudia bila kupumua: dagaa wa Mwanza, dagaa hawana mchanga, toka nje mama, njoo uchague. Ilikuwa inapanda kwetu taratibu, na dirisha la chumba lilikuwa wazi kwa joto.

Ndani, yule mwanamume akasema, "Samahani, hapo hatujakusikia."

Nilikuwa bado nainuka nilipoona ungo umewekwa chini na Mama Yassin yuko tayari barabarani, peku, kanga imemdondoka begani, ameunyoosha mkono mbele ya baiskeli.

"Zima hilo, mwanangu," akamwambia yule kijana. "Zima kwanza. Dada yako yuko kazini."