Uzito wa Orbin Stiltner

Siku moja kabla ya sikukuu ya kupamba makaburi, Verdie Stiltner alizungusha gurudumu la nyuma la trekta lake dogo mpaka valvu ikawa juu, akaanza kupampu maji ya bitiruti ndani ya tairi. Maji hayo ni mazito, huipa tairi uzito wa kushika ardhi, na hayagandi wakati wa baridi. Pale Laurel Fork kila mwenye trekta huyatumia.

"Si ungenunua tairi za kashata kubwa?" alisema mdogo wake, Lonzo. Alikuwa ametoka zamu mgodini, macho yake bado yamepakwa wanja wa makaa.

"Zimchimbue Mama kaburini? Una akili wewe?"

Verdie alikuwa amechagua tairi za kashata fupi, yaani meno mafupi ya mpira, yasiyojeruhi majani. Lakini kampuni ya makaa ya mawe ilikuwa imeikata barabara ya zamani ya makaburini, ikabaki njia moja, ya mteremko mkali. Kufikia kesho yake kila kaburi lilipaswa kuwa na tuta la udongo mpya. Lisilo na tuta, kampuni ingelihesabu limetelekezwa, ilichimbe pamoja na kilima.

Alijaza udongo kwenye kijiko cha mbele, akapanda. Katikati ya mteremko nyuma kukainuka, tairi zikazunguka bure. Akarudi kinyumenyume.

Jioni wafu waliteremka kusaidia. Mama yao, Icie, alikaa juu ya madigadi. Trekta halikumtambua.

"Mama, hata nzi anakushinda," alisema Lonzo.

"Basi nimpishe baba yako. Orbin, futa miguu kwanza."

Orbin alifuta miguu, akakaa nyuma ya kiti. Tairi zikabonyea, chuma kikalia. Maisha ya mgodini yalikuwa yamemjaza vumbi kifuani, na alipokufa halikutoka. Daktari wa kampuni aliandika kwamba ameuawa na sigara. Orbin hakuwahi kuvuta.

Trekta lilipanda kama liko uani. Makaburi yote yalipata matuta, la Orbin likiwa la mwisho, mwenyewe akisimamia.

Asubuhi Bwana Kessinger wa kampuni alikuja kukagua. Orbin alikuwa bado amekaa palepale, anapumzika.

"Mzee wenu mzito," alisema Kessinger, akitazama tairi.

"Makaa yenu hayo," alijibu Verdie.

"Sigara." Kessinger aligusa kofia kumuaga Orbin, akaondoka. Makaburi yalisalimika mpaka mwaka ujao. Barabara ilibaki imekatwa.

Ukoo ulipokuwa ukila kuku wa kukaanga kati ya matuta, Orbin alishuka kwenye trekta.

"Lonzo, hebu kaa hapa."

Lonzo alikaa, sahani mkononi. Wote wakainama kutazama. Tairi zilibonyea, si sana.

"Miaka michache tu," alisema Orbin, "na hamtanihitaji."

"Haya, Baba," alisema Lonzo, akamaliza kuku wake. Jumatatu aliingia zamu ya asubuhi.