Kalamu Nyekundu ya Mwalimu Adelard

Kila Jumanne saa nne asubuhi, Mwalimu Adelard alisogeza kando kikombe chake cha kahawa, akavaa miwani, akaanza kukata majina. Alikuwa mhariri wa jarida la fasihi kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mwandishi kuanzia Rugu hadi Murongo ambaye hakupitia kwenye kalamu yake nyekundu. Hadithi ikimtaja mtu aliyeonewa, alilikata jina lake kwa mistari miwili. Alisema anawalinda. Na kweli, jarida likishatoka, mtu huyo hakuonekana tena.

Hakufa. Aliendelea kulima, kula na kukohoa, ila macho ya watu hayakumpata. Wilaya nzima ilikwisha kuzoea. Kanisani watu kama hao waliachiwa nafasi kwenye benchi, na bodaboda wa Murongo walingoja tairi la nyuma libonyee ndipo waondoke.

Anonciata, aliyekuwa akilichapa jarida kwenye kompyuta, alizoea pia, mpaka Jumanne moja ilipofika hadithi ya baba yake.

Mzee Karekezi alikuwa ameandika kurasa sita kwa mkono. Alieleza jinsi bwana mmoja mwenye ng'ombe mia nne alivyoingiza mifugo kwenye kibanja chake cha migomba kule Bugomora, akamwambia arudi Rwanda, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga.

"Mwalimu, huyo ni baba," Anonciata alisema.

"Najua, mwanangu. Na kaandika vizuri mno." Mwalimu akalikata jina. "Lakini vijana wa yule bwana wanatembea na mapanga. Mtu asiyeonekana watampigaje?"

"Na kibanja kitabaki na nani, waitu?" Anonciata aliuliza, kwa neno la heshima la kwao.

Mwalimu alifunika kalamu, akavuta kikombe chake cha kahawa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na watu walikuwa wameuita woga wake busara kwa muda mrefu hata yeye akaamini.

Mchana, akichapa, Anonciata aliliona jina. Ukurasa wa sita, mstari wa mwisho, mzee alikuwa amelitia tena, na Mwalimu alikuwa amelipita. Kama lingechapwa hata mara moja, baba angebaki anaonekana na kibanja kingebaki na mwenyewe. Ila na wale vijana wangemwona. Anonciata aliogopa. Alichukua kalamu nyekundu, akapiga mistari miwili.

Jarida lilitoka Ijumaa, likasifiwa sana.

Jumatatu wapimaji wa ardhi walikuja kibanjani kumpimia yule bwana mwenye ng'ombe. Katikati ya migomba jembe lilikuwa likipanda na kushuka lenyewe. Wapimaji walilizunguka kwa adabu, wakapigilia vigingi.

"Pana mtu hapa, analima," Anonciata alisema.

"Tunaona, dada," mpimaji alijibu, akafungua daftari. "Anaitwa nani, tumwandike?"

Vijana watatu wenye mapanga walikuwa wameegemea uzio, wanamtazama.

"Simjui," Anonciata alisema.

Jembe lilisimama kidogo. Kisha likaendelea kulima.