Ng'ombe wa Mahari ya Farao

Bibi Nyanzala hakusinzia kikaoni siku ile, na waliomjua wangeshtuka hapo hapo. Vikao vyote vya ukoo yeye alivichangia kwa kukoroma. Lakini Jumapili ile ya mwaka tisini na sita, pale Kasokola nyumbani kwa mwanawe Mabula, alikaa macho kodo akimenya karanga, masikio yamesimama kama ya punda aliyesikia debe la pumba.

Sababu ilikuwa karatasi moja. Mjukuu wake Pudensiana, aliyemaliza kidato cha sita, alipata nafasi katika chuo kimoja huko Kairo, kusomea Wamisri wa kale. Nauli, chakula, kitanda, vyote juu ya chuo. Ilibaki sahihi ya baba tu, na treni ilikuwa inaondoka Mpanda kesho yake. Mabula alikataa mara tatu, ya nne akasema ukoo uamue.

Ukoo maana yake Maduhu, baba mdogo wa Mabula. Mzee huyu aliamua mahari zote za Wasukuma kuanzia Shanwe mpaka Misunkumilo, na kesi ya ng'ombe haijawahi kumshinda. Jirani yao Révérien, katekista, naye aliitwa, kwa kuwa Farao yumo kwenye Biblia.

"Kila mtu aulize," Maduhu akafungua. "Binti akikwama, anabaki."

Révérien akaanza. "Mwanangu, yule Farao aliyezama akimfukuza Musa, walimwopoa?"

"Haijulikani, katekista. Hata ni Farao yupi, bado wanabishana."

"Haijulikani!" Maduhu akakunja kidole kimoja. "Na hao wengine, mbona hawaozi?"

"Walitolewa utumbo, babu, wakafukiwa kwenye chumvi siku arobaini mpaka wakakauka."

Révérien nusura aanguke na kigoda chake. "Kumbe ni samaki, ni migebuka! Sasa siku arobaini za nini? Kule ziwani Karema mgebuka siku tatu tu umekauka, unaweza kugongea mlango. Jua lao hao watu ni bovu."

"Kusoma huko ni muda gani?" Maduhu akauliza.

"Miaka minne."

"Miaka minne kumsoma marehemu! Hapa wasifu wa marehemu tunausoma dakika kumi, hata awe na wake watatu."

Pudensiana akajitetea kwamba mambo yao ni mengi. Mathalani waliamini ukifa, moyo wako unawekwa kwenye mzani, upande wa pili unyoya.

"Mzani wa nani?" Mabula akadakia. Alikuwa mkulima wa tumbaku aliyepunjwa kilo kila msimu, na neno mzani lilimpandisha presha. "Ulikaguliwa lini?"

"Ni wa miungu, baba."

"Hata ule wa tumbaku walituambia hivyo hivyo."

Maduhu akakunja kidole kingine, kisha akasimama na fimbo yake. "Basi. Mtu hawezi kwenda mbali kote kule kufukua watu aliowakuta wamelala. Mzimu ukiuliza katumwa na nani, atataja jina letu. Binti anabaki."

Chozi la Pudensiana likadondoka juu ya ile karatasi. Bibi Nyanzala akapuliza maganda ya karanga kiganjani.

"Shemeji, kabla hujafunga. Nina kaswali, ka kijinga kama mimi mwenyewe. Huyu mtoto aliniambia Farao alikuwa anamuoa dada yake, baba mmoja mama mmoja. Sasa ng'ombe wa mahari alimpelekea nani?"

Maduhu akakaa polepole, kama aliyechomwa mwiba.

"Anampelekea baba wa bibi harusi," akasema.

"Ambaye ndiye baba wa bwana harusi," bibi akasema. "Ndiye anayewatoa."

"Yaani anajilipa?" Mabula akauliza.

"Mtu hajilipi mahari!" Maduhu akafoka. "Hapo hakuna ndoa!"

"Yesu wangu," Révérien akashika kichwa. "Kwa hiyo wafalme wote wale ni watoto wa nje ya ndoa?"

"Labda ng'ombe walitolewa nje kidogo," Mabula akasema, "wakojoe tu, kisha warudi. Ionekane wametoka."

Maduhu akaamuru ijaribiwe. Ng'ombe kumi na wawili wa Mabula wakatolewa zizini. Mabula, akiwa baba wa bwana harusi, aliwaswaga mpaka njiani. Halafu akakimbia langoni akawa baba wa bibi harusi, akawapokea mmoja mmoja huku akiwakagua meno. Kwa wa saba akagoma.

"Huyu simtaki! Kavunjika pembe!"

Akakimbia tena njiani. "Pembe hiyo ulikuwa unaiona tangu mwaka jana!"

"Usinidharau mbele ya watu!" akajijibu langoni, jasho likimtoka.

Wakati anagombana na nafsi yake, ng'ombe wa nane alikata kona akaingia shamba la Révérien.

"Mihogo yangu!" katekista akalia. "Jamani nyie, namdai nani sasa? Mtoaji au mpokeaji?"

Wote wakamgeukia Maduhu. Akachora mstari chini kwa fimbo, akaufuta kwa mguu.

"Wao wenyewe waliamuaje, hao Wamisri?" akauliza kwa unyonge.

"Nasikia waliandika kila kitu ukutani," Bibi Nyanzala akasema, akitafuna. "Shida ni msomaji. Basi tuache tu, shemeji. Watu watasema kesi ya ng'ombe imemshinda Maduhu, watasema watachoka."

Ng'ombe wa nane alisikika akivunja shina la muhogo.

"Mabula," Maduhu akasema, "kalamu iko wapi?"

Kesho yake stesheni ukoo mzima ulikuwepo. Maduhu alimwagiza binti mambo mawili ya kusoma ukutani: la kwanza, mahari, la pili, uharibifu wa mihogo. Yule bwana wa mzani asimsogelee.

Treni ilipopiga honi, Pudensiana aliinama dirishani kwenye sikio la bibi yake.

"Bibi, mbona jibu lipo? Kitabu changu kimoja kinasema hakuna ng'ombe hata mmoja aliyelipwa."

"Shh!" Bibi Nyanzala akamjazia karanga mkononi. "Hilo utaligundua mwaka wa nne."