Kibati cha Mlango wa Dereva

Lori la Twahiru halikuwa limetembea kwa muda mrefu, na Twahiru mwenyewe, tukisema kweli, hakuwa akitembea sana. Wote wawili walikaa uani pale Mabanga, lori juu ya mawe meusi, mzee kwenye kigoda kando ya gurudumu lake, akikatakata mabati tangu asubuhi mpaka mgongo umwambie basi.

Kazi yake siku hizi ilikuwa kutengeneza sambaza za uongo. Hivyo ndivyo wavuvi wa ndoano walivyoviita vile visamaki vya bati vinavyoburutwa nyuma ya mtumbwi, ili samaki mkubwa adhani ni sambaza, dagaa wa ziwani, aliyepotezana na wenzake. Twahiru alikata kipande cha urefu wa kidole, akakigonga polepole ndani ya kishimo cha jiwe la volkano hadi kikapata tumbo. Akatoboa huku na huku kwa msumari, akafunga ndoano kwa waya wa shaba, na mkia akauweka wa nyuzi za gunia la mchele. Mwisho alikiburuta kwenye beseni la mkewe, Ramla. Kisipoyumba, alikigonga tena. Kikiyumba kama mlevi anayerudi kwake, kimeiva.

Alianza na makopo ya maziwa. Lakini makopo hushika kutu upesi, na mteja wake Bashige, mvuvi mwenye maneno mengi kuliko samaki, hakukosa kulalamika. Ndipo Twahiru alipogeuka akalitazama lori. Siku ya kwanza alichomoa ukingo unaong'aa wa taa ya mbele, kisha akajiwekea sharti na kulitangaza mbele ya mkewe kama anayeapa: hatagusa kitu chochote kinachotembeza gari. Injini haiguswi. Breki vivyo hivyo. Atachukua urembo tu. Basi urembo ukaisha kidogo kidogo, kioo cha pembeni, vifuniko vya magurudumu, herufi za jina la kiwanda. Ijumaa iliyopita, Bashige akitaka viwili vya haraka, Twahiru alibandua kibati chembamba kilichopigiliwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kilikuwa cha aluminiamu, kimejaa alama ndogo ndogo za kugongwa, na ndani ya maji alama zile zilimeta kweli kweli. Kesho yake Bashige alirudi akiomba vingine vya aina ileile. Havikuwepo.

Ramla alikuwa na shida moja tu, na shida hiyo ilikuwa Kindu. Mama yake mzazi yuko kule, ana miaka tisini na kitu, macho yamekwisha, na kila akipigiwa simu anauliza kama binti yake amekwisha kufunga mizigo. Ndege hakuna, na barabara ya moja kwa moja haipitiki. Njia iliyobaki ni kuzunguka kwa nchi za watu, siku nyingi za basi na boti, na nauli yake haipatikani bila kuuza kitu kikubwa. Nyumbani kwao kitu kikubwa kilikuwa kimoja. Ramla aliomba kwa upole, akaomba kwa kununa, mwishowe akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikomshinda Twahiru. Jumatatu akasema sawa, liuzwe.

Alhamisi akaja Kambere, mfanyabiashara wa Butembo, mtu wa makamo mwenye adabu na viatu visafi. Wakaazima betri kwa jirani. Lori likakohoa, likakohoa tena, halafu likanguruma hadi kuku wa uani wakatawanyika. Ramla, mlangoni mwa jiko, akacheka, akachelewa kujifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Tangu mwaka uanze Twahiru hakuwa ameyaona meno yake.

“Muzee, moteri iko muzuri,” Kambere alisema. “Inaonekana uliichunga.”

Twahiru aliona fahari, hakuweza kuificha. Kambere akafungua mlango wa dereva, akapitisha kidole gumba kwenye fremu, kikasimama juu ya matundu mawili matupu.

“Na plake ya namba ya chasi iko wapi?”

Twahiru akautazama mkasi wake kando ya kigoda. Kambere aliinama kutafuta namba ileile kwenye chasi yenyewe, lakini pale palikuwa na kovu la kulehemu tu: mwaka lori lilipovunjika mgongo njia ya Rumangabo, fundi alibandika chuma juu ya namba. Tangu siku ile ni kile kibati kilichokuwa kikionyeshwa kwa askari wa kila bariyeri ya njiani. Twahiru alikuwa amekipangusa vumbi mara elfu. Alikijua kuliko sura ya ndugu yake. Na Ijumaa, mkasi mkononi, hakukikumbuka, kwa kuwa kibati hakitembezi gari.

“Bila namba, ku buro hawatakubali kuiandika ku jina yangu,” Kambere alisema. “Ni nani aliitosha hapa ku mulango?”

Twahiru alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akaanza kupangusa vumbi kwenye fremu kwa kiganja, kama alivyofanya miaka thelathini ya udereva.

“Ni miye, papa,” Ramla alisema kutoka jikoni. “Niliitosha na kisu, nizibe tundu ya panya. Kisha ikaharibika, nikaitupa na takataka.”

Kambere akamtazama, akatikisa kichwa, akaanza kucheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi.

“Eh, mama! Gari muzima imepotea, juu ya panya!” Akamgeukia Twahiru, akampiga bega. “Muzee, bibi usimwachie kisu.”

Na Twahiru akacheka naye.

Kambere aliaga kwa heshima, akasema atatafuta gari lingine, akaondoka. Jirani akaja kuchukua betri yake. Ramla alikuwa ameinama, akiokota vipande vya bati vilivyozagaa karibu na kigoda, asije mtu akajikata mguu. Twahiru aliona aibu, akakaa kwenye kigoda.

“Ramla. Juu ya nini ulisema vile?”

“Ulitaka waseme dereva alikata plake ya gari yake na mukono yake? Hapa Mabanga ungepita wapi?”

“Ungeniacha niseme.”

“Nilikungoja,” Ramla akasema, bila kuinua sauti. Alionekana amechoka tu. “Nilikungoja sana, Twahiru. Wewe ulicheka.”

Akaviweka vile vipande juu ya jiwe, akanawa mikono, akaingia ndani na simu. Twahiru alimsikia kupitia dirisha akipaza sauti, kwa maana mama yake hasikii vizuri.

“Mama, ni barabara inanizuia kuja,” alikuwa akisema. “Ni barabara tu, mama. Twahiru amejaribu yote.”