Prosesa Si Fahali

Koome, mwenye duka la kompyuta pale Embu, alimweleza shemeji yangu habari za laptopu yangu kwa robo saa nzima kabla ya kukumbuka kwamba mimi pia nina masikio.

"Mzee, ziko mbili," alimwambia. "Mwili ni mmoja, bei ni moja, prosesa tu ndiyo tofauti. Hii kasi yake ni megahezi mia nne. Ile ni ya kampuni pinzani, mia tatu. Mwanamume hachukui mia tatu."

"Mia nne," Kithinji akasema papo hapo. "Hata sifikirii."

Kithinji ni ndugu ya mume wangu. Anafuga ng'ombe wa maziwa Nkubu, na mbegu ya fahali huichagua katika kitabu cha daktari wa mifugo kwa kutazama namba: iliyo kubwa ndiyo yake. Mume wangu alimtuma anisindikize, eti vitu vya stima vinataka mwanamume. Mwenye diploma ya uhazili ni mimi. Anayechapa mitihani ya shule za msingi kutoka Nkubu hadi Embu ni mimi.

"Nani ataitumia?" niliuliza.

"Mama, tulia kidogo," akasema Koome. "Tunazungumza mambo ya kasi."

Kasi! Mwaka huo wa 1999 walimu wakuu walikuwa wamechoshwa na mitihani inayovuja. Hawakutaka karatasi itoke ofisini. Mchapaji aje, afungiwe mlango, achape mbele yao, na disketi ibaki kabatini. Mwalimu Nthiga wa Kiambere alikuwa ameniambia wazi: nikimaliza mtihani wa majaribio wa darasa la nane ofisini kwake Ijumaa, shule kumi na moja za jirani zitanipa kazi. Nikishindwa, ana mtu mwingine. Na ofisi yake haina stima. Bwawa la umeme liko pale pale, nyaya zinapita juu zikiwapelekea wengine mwanga, na mwalimu anasahihisha kwa koroboi. Ningefanyia nini kasi? Nilitaka mashine itakayovumilia saa mbili bila kuchomekwa popote.

"Chomoa zote mbili," nikasema. "Mimi nitachapa kwa mia tatu, Kithinji achape kwa mia nne. Itakayozima kwanza ibaki dukani."

Kithinji alichapa majina ya ng'ombe wake kwa kidole kimoja. Mimi nilichapa maswali ya Kiingereza. Baada ya dakika arobaini, yangu ikazima.

"Mama Gatakaa!" Kithinji akapiga meza. "Hata swali la ishirini hujafika!"

Koome alicheka mpaka akajifuta macho. Nilikasirika masikio yakawaka moto. Lakini hasira haikunipofusha. Nilizipindua zote mbili. Betri yangu ilikuwa imekwaruzika na kupauka; ya Kithinji iling'aa.

"Hizi betri ni rika moja?"

"Ni zilezile, mama."

"Basi zichaji, halafu tuzibadilishe."

"Betri ni ya mashine yake."

"Kwani wamefunga ndoa?"

Nilivuta kiti, nikakaa. Kithinji alitoka kunywa chai mara mbili. Betri zilipojaa tukazibadilisha, na ile mia nne, ikiwa na betri iliyopauka, ikazima baada ya dakika ishirini na tano. Mia tatu ilichapa saa mbili na dakika ishirini.

"Sasa nisikilize," nilimwambia Koome. "Kwa betri ileile mbovu, mia tatu ilidumu dakika arobaini, mia nne ishirini na tano. Nani mlafi?"

Kithinji ndiye aliyejibu, polepole. "Kumbe ni mambo ya lishe."

"Ndiyo, baba Makandi. Ni lishe."

"Chukua mia tatu, basi," Koome akasema, "lakini betri nzuri ni ya mia nne."

"Sawa. Andika kwenye risiti kwamba umeniuzia betri mbovu ukijua, kisha utie sahihi."

Kulikuwa na wateja wawili nyuma yangu, wametega masikio. Koome aliipachika betri nzuri. Kisha akaandika risiti kwa jina la Bwana Kithinji. Sikusogea mpaka alipoichana na kuandika nyingine kwa jina langu.

Nje, Kithinji alinyoosha mkono achukue mkoba.

"Twende nyumbani. Mzee aione kwanza, aiombee."

Kwetu kitu kipya hakitumiki kabla baba mkwe hajakiona. Desturi hiyo ni nzuri, naiheshimu. Lakini ilikuwa Alhamisi jioni.

"Ataiona Jumamosi. Leo nalala hapa Embu kwa dada yangu Ciakuthii, alfajiri niko njiani kwenda Kiambere."

"Na mimi nimwambie mzee nini?"

"Mwambie wewe ulichagua mia nne, na mimi nimeenda kazini."