Zamu ya Bibi Mokami

Asubuhi Joram, mhudumu wa wodi, alikuwa bado anahangaika na koleo kukata bangili kwenye mkono wa kulia wa Bibi Mokami. Bangili zile za shaba alivishwa na marehemu mumewe, Heche, na siku zote alisema atazikwa nazo.

"Samahani, bibi. Daktari hawezi kupasua mkono wenye shaba."

"Kata. Nikipona nitasaga. Shaba hailiwi."

Juzi aliteleza uani, akajizuia kwa kiganja, kifundo kikavunjika na kupinda. Kule kwao Susuni mashine ya kusaga ya kijiji cha ujamaa ilikuwa imekufa tangu mavuno. Mwenye mkono wa kusagia ulezi kwa jiwe alikula, asiye nao aliomba, na Mokami hakujua kuomba kunaanzwaje.

Daktari Stanslaus hakumficha. Mifupa yake ya uzee ilikuwa imeliwa ndani kama hindi lililobunguliwa, plasta peke yake isingeushika mkono. Ilibidi apasue, aupange mfupa, aushikize kwa sindano za chuma. Sindano zilikuwapo. Hata dawa ya usingizi ilikuwapo, na kwa mwaka ule huo ulikuwa muujiza mtupu.

Daktari akaja, haangalii mtu usoni.

"Wamechukua jenereta. Bila taa na kichemshio cha vyombo siwezi kupasua."

"Nani kachukua?" akauliza Waisiko, mkwe wa Mokami.

"Chama. Kuna mgeni wa mkoa uwanjani, wanataka vipaza sauti. Na dizeli yote niliyonayo imo humo."

"Nyingine lini?"

"Labda mwezi ujao. Lakini mfupa hautangoja, mama. Utaunga hivyo hivyo ulivyopinda."

Akaufunga mkono kwa kipande cha boksi la maziwa ya unga na bendeji. Alifunga vizuri.

Mokami angekwenda zake nyumbani. Ila dirishani ikaingia sauti kutoka uwanjani: "Leo matibabu yamemfikia mkulima, tena bure!" Makofi yakafuata. Akafunga vipande vya shaba kwenye pindo la khanga, akatoka, Waisiko nyuma yake. Akapenya katikati ya watu, akaketi chini kando ya jenereta, moshi ukimpiga usoni.

Mgambo akamjia. "Shikamoo, bibi. Hapa hapakaliwi."

"Marahaba. Mashine hii leo ilikuwa yangu. Namngoja huyo amalize."

Mgambo akautazama mkono, akatazama jukwaani. "Mgeni atakuona, bibi."

"Anione."

Mgeni hakumwona. Alihutubia kuhusu pamba, kuhusu wavivu, kuhusu ujinga na maradhi. Jua likaanza kushuka, yeye bado anahutubia. Mwishowe sauti ikakatika katikati ya neno, jenereta ikakohoa, ikanyamaza.

Mgambo akafungua tangi, akachungulia. "Imekauka, bibi," akasema polepole.

"Haya." Mokami akampa Waisiko mkono wa kushoto amnyanyue. "Mwambieni mgeni zamu yangu ameimaliza."