Kanisa Lililotumbukia Kwenye Mafunjo

Danstan alikuwa fundi ramani hodari, na hodari ana ugonjwa wake: aliiamini mashine kuliko macho ya mtu. Ijumaa alipigilia vigingi vya mpaka wa kaskazini wa kambi mpya, maana mwaka ule wakimbizi walikuwa wameijaza Ngara na mahema hayakutosha. Kigingi cha tisa kikaangukia ndani ya migomba ya Mama Domisiana, hatua tano kutoka kaburi la mumewe, Idefonsi, nalo kaburi likabaki upande wa kambi. Jumatatu katapila lingefyeka kila kilicho ndani ya mstari.

Jumamosi asubuhi alimkuta mama huyo amesimama mbele ya kigingi, panga mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa mzee Nshoma, wa Nyarubungo, Biharamulo."

"Huko Nyarubungo watu hawazikwi?"

Danstan aliona aibu, lakini aibu haing'oi kigingi. Akajitetea kwamba wakubwa walichora mstari kwenye ramani, yeye alifuata namba tu, tena GPS yake ilisoma kutoka setelaiti na haikosei.

"Ramani hiyo tulionyeshwa kwenye mkutano wa kijiji," alisema Domisiana. "Mpaka uliishia kwenye pori la chini. Sasa hicho kidude chako twende nacho kanisani, ukiulize kanisa liko wapi."

"Kanisa si tunaliona, mama?"

"Ndiyo maana. Kila siku anakuja mkimbizi kutoka ng'ambo, anasema ni shemeji yangu. Simuulizi nisichokijua, atanidanganya. Namuuliza mlango wa baba mkwe wangu unatazama wapi."

Danstan akaenda, shingo upande. Mlangoni pa kanisa alisoma namba mara kumi na kutafuta wastani, kwa kuwa vifaa vya siku zile viliyumba kidogo. Akatandaza kwenye ngazi ile ramani ya wakubwa, iliyochapwa zamani, akapima kwa rula, akatia nukta. Nukta ikakaa milimita sita chini ya alama ya msalaba iliyoonyesha kanisa, bondeni, kwenye mafunjo.

Domisiana akainama kutazama. "Kumbe Jumapili tunasali na vyura!"

Danstan hakucheka. Milimita sita kwenye ramani ile ni mita mia tatu ardhini, na kuyumba kwa kifaa hakufiki huko. Alisoma maandishi madogo ya pembeni mwa ramani, yale ambayo kila fundi anajua inampasa kuyasoma na hakuna anayeyasoma. Ramani ilichorwa kwa msingi wa zamani wa vipimo. Kifaa chake kilikuwa kimewekwa msingi mwingine, wa setelaiti. Namba zilezile, lakini ramani na kifaa kila kimoja kilianza kuhesabu kutoka mahali pake.

Akabadilisha msingi kwenye kifaa, akasoma tena mara kumi. Safari hii nukta ilikaa jirani kabisa na msalaba.

"Mama, nimekosea mimi," alisema, na mzigo ukamtoka kifuani. "Mstari wote unarudi chini, mita mia tatu. Shamba lako liko nje."

"Rudia."

"Liko nje, mama. Lote."

Domisiana akakaa kwenye ngazi na kulia waziwazi, huku akimtukana Danstan kwa Kihangaza, na Danstan aliyapokea matusi yale kwa furaha. Jioni injinia wa kambi alikuja, akahakiki mwenyewe pale kanisani, akasaini. Jumapili baada ya misa vigingi vyote viling'olewa na kupigiliwa porini, kule kambi ilikokusudiwa tangu mwanzo.

Jumatatu katapila lilinguruma, likakaribia, likageukia pori la chini, likaiacha migomba. Danstan alikuwa amekuja alfajiri kuhakikisha kwa macho yake. Alimwona Domisiana amechuchumaa kaburini, akiling'olea magugu.

"Lala, Idefonsi," alikuwa akisema. "Hawaji huku."